Chalbi kwa siku nne: wapi pa kusimama na kamera

Barua nyingi za mara hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nina siku chache, jangwa ni kubwa, nitajuaje pa kupigia picha? Tumechagua barua nane. Nyingi zinahusu Chalbi, jangwa la chumvi la kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, na moja imetoka Muscat, Oman.

Wahariri, salamu. Tuko wanne na Land Cruiser moja, tumepata siku nne, Alhamisi alfajiri hadi Jumapili usiku. Tunataka kutoka Nairobi tupite Marsabit, Kalacha, North Horr na Loiyangalani, kisha turudi kwa njia ya South Horr na Maralal. Tupange vipi ili kila mahali tupate picha nzuri? – Msomaji, Nakuru

Ndugu yetu, kata mzunguko huo. Nendeni Kalacha, ukingoni mwa Chalbi, na mrudi kwa njia ileile.

Sababu ni jua. Kalacha iko kama digrii 3 kaskazini mwa ikweta, na huko jua halipandi kwa mshazari, linapanda karibu wima. Kutoka linapochomoza hadi lifike digrii 10 juu ya upeo huchukua dakika 40 hadi 45 tu. Hicho ndicho kipindi ambacho kivuli ni kirefu, rangi ina joto, na kila ufa kwenye chumvi unaonekana. Jioni mambo ni hayohayo kinyumenyume. Kwa mwaka mzima jua la Kalacha huchomoza kati ya saa 12:10 na saa 12:45 asubuhi, na huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni. Hesabuni sasa: siku zenu nne zina jioni tatu na alfajiri tatu kabla ya safari ya kurudi. Nafasi sita. Mkizunguka hadi Ziwa Turkana, nyingi kati ya hizo zitawakuta ndani ya gari, mnaharakisha kufika mahali pa kulala kabla ya giza.

Sisi tungezitumia hivi.

Alhamisi, tokeni Nairobi saa 10 alfajiri. Hadi Marsabit ni kama kilomita 530, zote lami: Nairobi hadi Isiolo kama 270, Isiolo hadi Marsabit kama 260. Mkifika alasiri, tafuteni malazi, jazeni mafuta, kisha nendeni Gof Redo, lile shimo kubwa la volkano lililo kilomita chache kaskazini mwa mji. Muwe ukingoni saa 11 kamili, msingoje machweo. Shimo lina kina, na chini yake huingia kivulini mapema wakati ukingo bado una mwanga. Picha nzuri ni ya dakika zile ambazo kivuli kimefunika nusu ya sakafu. Kikishaijaza yote, tofauti ya mwanga huwa kubwa mno hata kamera haiwezi kuibeba.

Ijumaa asubuhi msitegemee macheo ya Marsabit mjini. Mlima una msitu, na mara nyingi asubuhi hufunikwa na ukungu hadi saa 3 au 4. Mkipambazukiwa, shukeni polepole kuelekea Bubisa. Pale mnapotoka chini ya ukungu na kuliona tambarare limewaka jua huku mlima nyuma yenu umevaa wingu, simameni. Ni picha ambayo wengi huipita kwa haraka ya kufika. Karibu na Bubisa mnaacha lami mkielekea Maikona, halafu Kalacha. Mkiendesha kwa utaratibu mnaingia Kalacha mchana.

Jua la mchana mlitumie kutembea na kutafuta tu. Jioni ya Ijumaa na alfajiri ya Jumamosi ni za chumvi. Jumamosi saa 7 mchana ondokeni, ili saa 11 jioni muwe kwenye mawe meusi ya volkano kabla ya Bubisa. Mwanga wa ubavu unayafanya yaonekane moja moja, na lami iko karibu kuwarudisha Marsabit. Jumapili ni ya barabara.

Kuhusu gari: mawe hayo meusi hukata ubavu wa tairi. Msipunguze upepo hapo, tairi laini hutanuka na kuonyesha ubavu kwa mawe. Upepo hupunguzwa kwenye mchanga mlaini, hadi psi 18 au 20, na hurudishwa kabla ya kukanyaga mawe, kwa hiyo bebeni pampu ya kuchomekwa kwenye betri. Spea mbili, si moja. Sepeto. Maji lita 5 kwa mtu kwa siku na lita 20 za akiba kwa gari. Na kabla ya kushuka mlima, ulizeni Marsabit hali ya barabara na ya usalama, kwani hubadilika wiki kwa wiki.

North Horr na ziwa mziwekee safari yake.

Nimewahi kwenda jangwani mara moja, nikarudi na picha mia tatu zinazofanana: nusu mbingu, nusu ardhi. Naona kila mahali ni sawa. Wenzangu wanapataje "sehemu"? – Msomaji, Dar es Salaam

Dada au kaka yetu, jangwa tambarare halina mandhari ya kukungojea kama mlima au maporomoko. Sehemu ya picha ni pale ambapo kitu kimoja kinaishia na kingine kinaanzia. Tafuta kingo.

Chalbi zamani ilikuwa ziwa. Maji yalipokauka yaliacha bonde pana lenye udongo wa chumvi, na ukingo wa bonde hilo ndio wenye utajiri. Kalacha ipo kwenye ukingo wa kaskazini: kuna chemchemi, kuna mikoma iliyosimama peke yake juu ya nyasi fupi, halafu ghafla nyasi zinakwisha na weupe unaanza. Ukingo wa mashariki, upande wa Maikona, mawe meusi ya volkano yanakutana na udongo wa rangi ya kahawa. Kutoka pande hizo mbili, jioni unaangalia magharibi juu ya uwanda mtupu, na siku ambayo hewa haina vumbi Mlima Kulal hujitokeza kusini-magharibi kama kivuli cha buluu.

Anza kazi nyumbani. Fungua Google Earth, fuata mstari wa ukingo kwa jicho, na weka alama pale rangi inapobadilika, pale njia za mifugo zinapokutana (zinaonekana kama nyuzi zinazoelekea majini), na pale penye mti mmoja au kikundi kidogo cha mikoma. Alama kumi zinatosha. Kisha kwa programu ya kuonyesha njia ya jua, mathalani PhotoPills, tazama jua litachomoza upande gani siku hiyo. Mwezi wa Juni linachomoza kama digrii 23 kaskazini ya mashariki, Desemba kama digrii 23 kusini ya mashariki. Tofauti hiyo inatosha kuuhamisha mkoma kutoka mbele ya jua hadi pembeni kabisa. Pakua ramani zote kwenye simu kabla ya kutoka Marsabit, kwa sababu mtandao huko ni wa kubahatisha.

Ukifika, liache gari. Hili tunalisisitiza kuliko yote. Ukipiga picha kutoka kando ya gari, unapata alama za matairi, unapata urefu wa mtu aliyesimama, na unapata kile alichokipata kila aliyesimamisha gari hapo. Tembea dakika kumi mbali na njia, mchana, bila kupiga. Beba kamera ukitaka, lakini kazi yako ni kuchagua sehemu tatu: moja ya machweo, moja ya macheo, moja ya usiku. Ziweke kwenye ramani ya simu, na ukiweza jenga kirundo kidogo cha mawe utakachokiona kwa tochi. Alfajiri utatoka gizani kabla ya saa 12, na bila alama hiyo utazunguka huku mwanga unapita.

Nyufa za udongo na chumvi hazionekani kabisa saa 6 mchana. Mwezi wa Machi mwishoni na Septemba katikati jua la Kalacha husimama utosini na kitu chochote hukosa kivuli. Kwa hiyo mchana, unapotathmini ufa, weka kiganja chako juu ya ardhi na utazame kina chake. Ufa wa sentimita 2 au 3 unatosha: jua likiwa digrii 5 juu ya upeo, ukingo wa sentimita 2 hutupa kivuli cha zaidi ya sentimita 20. Kamera ishushe hadi sentimita 20 au 30 kutoka ardhini, lenzi pana ya milimita 16 hadi 24, tundu la lenzi f/11, na fokasi iwe kama mita moja mbele yako, si kwenye upeo. Mwanga uje kutoka ubavuni au mbele kidogo. Ukiwa mgongoni kwako unafuta vivuli vyote, na hapo ndipo zile picha mia tatu zilipozaliwa.

Ukikosa kitu cha mbele, mtumie mwenzako. Mpeleke mita 150, avae shuka au kitambaa chenye rangi, asimame ubavu. Mtu mdogo kama punje ndiye anayemwambia mtazamaji kuwa uwanda ni mpana.

Tahadhari mbili. Chumvi nyeupe huidanganya kamera: inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na weupe unatoka kijivu. Ongeza mwanga kwa hatua moja, au moja na theluthi, na uangalie histogramu (grafu ya mwanga kwenye kioo) isigonge ukingo wa kulia. Ya pili, lenzi ndefu mchana haikufai. Mazigazi yanayocheza juu ya ardhi ni hewa moto na hewa baridi zikichanganyika, na zinapinda mwanga kabla haujafika kwako. Ngamia aliye mita 600 mbali atatoka kama amepakwa maji hata lenzi iwe ya bei gani. Msogelee, au mpige kabla ya saa 3 asubuhi.

Unapokanyaga ganda la chumvi, ujue alama ya mguu hukaa hapo hadi mvua nyingine ije. Nenda na urudi kwa mstari mmoja, ukiwa upande wa nyuma wa kamera. Wanaokuja baada yako watapakuta pamesafishika.

Mwezi gani ni mzuri kwa Chalbi? – Msomaji, Kisumu

Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Mvua za masika ni Machi hadi Mei, za vuli Oktoba na Novemba, na zikinyesha vizuri bonde hushika maji. Ni kweli maji hayo yanapotulia huakisi mbingu nzima, lakini piga ukiwa ukingoni, kwa miguu. Usiingize gari. Ganda la juu hukauka kwanza na kuonekana gumu huku chini kukiwa na tope la mfinyanzi, na gari likizama hadi ekseli kwenye tambarare hakuna mti wa kufungia kamba wala jiwe la kuwekea jeki. Hata wiki kadhaa baada ya mvua fuata njia zilizokwisha kupitwa, usikate kona.

Ukienda Juni hadi Septemba jiandae kwa upepo. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna njia ya upepo wa kusini-mashariki, huohuo unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, na kwa kawaida hukaza usiku na alfajiri. Ning'iniza mfuko wa mawe chini ya tripodi, usiivute nguzo ya katikati, na usimame upande upepo unakotoka ili mwili uwe kinga.

Mimi natumia simu tu. Je, nisijisumbue? – Msomaji, Arusha

Jisumbue, dada au kaka. Tambarare yenye mwanga safi ni rafiki wa simu kuliko msitu.

Futa lenzi kila baada ya dakika chache kwa kitambaa safi cha miwani, kwa sababu mafuta ya kidole pamoja na vumbi hufanya jua litoe ukungu mweupe. Gusa na ushikilie kidole kwenye sehemu unayoitaka hadi fokasi na mwanga vijifunge, kisha shusha mwanga kidogo ili mbingu isiungue. Usivute karibu kwa vidole, tembea. Igeuze simu juu chini ili lenzi iwe karibu na ardhi: nyufa za sentimita 3 zitaonekana kama mabonde.

Adui wa simu ni joto. Nyingi zimetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi 35, na mchana wa Chalbi huvuka hapo. Ikipata moto itapunguza mwanga wa kioo, itakataa kuchaji, mwishowe itajizima. Usiiache kwenye dashibodi. Usiitie kwenye kasha la barafu pia, kwani ikitoka humo unyevu wa hewa hugandia ndani ya lenzi. Ifunge ndani ya kanga au shuka nyeupe, uiweke kivulini, na uwashe hali ya ndege.

Tunaona picha nzuri za ngamia na akina mama wa Kigabra visimani. Ukitaka kupiga watu, unaanzaje? Na pesa? – Msomaji, Eldoret

Unaanza bila kamera. Salamu ya Kigabra ni "nagaa", maana yake amani, na kusalimiana huko si neno moja la kupita. Mtu wa kwanza kumtafuta ni mwenyeji wa mahali hapo, anayejua lugha na anayejulikana. Mkubaliane naye malipo ya siku kabla ya kutoka mjini. Yeye atakupeleka kwa wazee wa olla, yaani kambi ya familia zilizohamia pamoja, na wazee ndio wanaosema sawa au hapana. Malipo yao yajadiliwe hapohapo, jumla moja kwa wote, na yakabidhiwe kwa mzee mbele ya watu. Ukitoa noti kwa kila uso utavuruga kijiji, na anayekufuata atakuta watoto wanakimbilia magari.

Kisimani, kumbuka kuwa watu wako kazini. Wakati wa kiangazi mifugo huja kwa zamu, kila kundi na nafasi yake, na ngamia aliyetembea siku kadhaa bila maji hawezi kungoja ukae sawa. Simama upande wa kutokea, kamwe si kati ya mifugo na maji. Usipige kwa mwako wa kamera. Kaa mahali pamoja angalau nusu saa kabla ya kuinua kamera, wakuzoee. Vumbi la kwato lenye jua nyuma yake ni zuri mno saa 2 au 3 asubuhi: weka jua nyuma ya mnyama, si juu ya kichwa chake, na upunguze mwanga hatua moja.

Ukiambiwa usipige, funika lenzi kwa mkono ili waone. Na ukiahidi kutuma picha, mpe mwenyeji wako, aliye na simu, nawe uzitume kweli.

Naishi Muscat, nimezaliwa Unguja. Tunataka kulala usiku mmoja Sharqiya Sands. Kambi imejaa magari, na matuta yote yana alama za miguu. Nipigie wapi? – Msomaji, Muscat

Ndugu yetu, mchanga huo, ambao wengi bado wanauita Wahiba, una faida moja kubwa: matuta yake makubwa yamelala kaskazini hadi kusini, mengine yakifika mita 100. Maana yake macheo yanawasha ubavu wa mashariki na kuuacha wa magharibi gizani, na jioni vinabadilishana. Mstari wa mgongo wa tuta unakuwa mpaka kati ya mwanga na kivuli, nao ndio picha yako. Simama juu ya mgongo wenyewe, au karibu yake, ukiangalia kusini au kaskazini, usiangalie jua.

Kukwepa alama za miguu, tembea dakika 20 hadi 30 kutoka kambini ukifuata bonde la kati ya matuta, kisha panda tuta la pili au la tatu. Wageni wengi huishia la kwanza. Panda kwa upande wenye mteremko wa pole. Upande mkali una pembe ya digrii 32 hadi 34, ambapo mchanga uko tayari kuporomoka, na hatua moja tu huharibu uso mzima. Alfajiri ina nafasi nzuri kuliko jioni, maana upepo ukivuma usiku hufuta kazi ya mchana. Mwishoni mwa Desemba na Januari jua huchomoza karibu saa 12:45 asubuhi, kwa mshazari kuliko Kenya, na mwanga mzuri hudumu kama dakika 50. Uwe juu nusu saa kabla.

Msimu ni Oktoba hadi Machi. Bahari haiko mbali, hivyo usiku wa baridi lenzi inaweza kushika umande. Izungushie soksi yenye pakiti ya joto ya mkononi. Punguza upepo wa tairi hadi psi 15 au 18 pale Al Wasil au Bidiyah kabla ya kuingia mchangani, na usiingie ndani na gari moja.

Shikamooni. Nasoma chuo Morogoro, nataka kupiga nyota kwenye jangwa la Kenya mwezi wa saba. Kamera yangu ni ya kihisi kidogo, ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga. – Msomaji, Morogoro

Marahaba, mwanetu. Umechagua mwezi mzuri. Kitovu cha Njia Nyeupe (Milky Way), sehemu yake yenye mwanga mwingi, hufika juu kabisa upande wa kusini karibu saa 4 usiku mwishoni mwa Julai, kama digrii 58 juu ya upeo. Mwezi wa sita ungengoja hadi saa 6 na nusu usiku, na mwishoni mwa Agosti unakuta tayari iko juu giza linapoingia. Chagua usiku wa mwezi mwandamo, au siku tatu kabla na baada. Giza kamili linafika kama dakika 75 baada ya jua kuzama.

Gawa 500 kwa urefu wa lenzi, kisha gawa tena kwa 1.5 kwa sababu ya kihisi chako. Lenzi ya milimita 16 inakupa sekunde 20 hivi. Ukizidisha, nyota zinakuwa vijistari. Kosa hilo huonekana haraka, kwa hiyo anza na sekunde 15, tundu la f/2.8 au kubwa zaidi, na ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, 3200. Fokasi fanya kwa mkono: kuza nyota angavu kwenye kioo cha nyuma, zungusha hadi iwe nukta ndogo kabisa, halafu ubandike utepe kwenye lenzi isisogee.

Kuna jambo ambalo wapigapicha wa Ulaya hawalipati nyumbani. Hapo Kalacha Nyota ya Kaskazini iko digrii 3 tu juu ya upeo. Ukielekeza kamera kaskazini na kupiga picha mfululizo kwa saa moja au mbili, kisha ukaziunganisha kwa programu, nyota zinachora matao yaliyosimama juu ya upeo badala ya duara kamili. Ukielekeza mashariki, zinapanda kama mistari iliyonyooka.

Nimerudi kutoka Chalbi na kila picha ina madoa meusi mbinguni, mahali palepale. Lenzi nimeisafisha mara tano. – Msomaji, Mombasa

Madoa yanayokaa palepale hata ukibadili lenzi, yamo kwenye kihisi. Hakikisha: piga ukuta mweupe au mbingu tupu kwa f/16, fokasi ikiwa imeharibiwa makusudi. Kwa f/4 doa hutawanyika lisionekane, ndiyo maana hukuliona kwenye kioo kidogo safarini.

Washa hali ya kusafisha kihisi ya kamera ili pazia lifunguke, betri ikiwa imejaa, maana ikizimika katikati pazia litajifunga juu ya kifaa chako. Elekeza mdomo wa kamera chini, na upulize kwa kipulizio cha mpira mara kumi, ncha isiingie ndani. Usipulize kwa kinywa, mate ni maji. Usitumie kopo la hewa, linaweza kurusha kimiminika baridi kikaganda juu ya kioo. Madoa yakibaki, usisugue kwa kitambaa kikavu: vumbi la Chalbi lina chumvi na chembe za mawe ya volkano, na linakwaruza. Mpelekee fundi wa kamera, umwambie wazi kuwa ni vumbi la chumvi.

Sehemu nyingine usizisahau, hasa wewe unayeishi pwani. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na ukiweka vifaa kabatini Mombasa bila kusafisha, kutu huanza kwenye skrubu na pete ya lenzi. Nje ya kamera ifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo tu kisha kikavu. Miguu ya tripodi ifungue yote, uioshe kwa maji yasiyo na chumvi, uikaushe siku nzima, ndipo upake grisi kwenye nyuzi.

Safari nyingine, lenzi ibadilishie ndani ya gari, vioo vimefungwa na feni imezimwa, injini imenyamaza dakika mbili ili vumbi litue. Kamera ielekee chini, lenzi ya pili iwe imeshafunguliwa kifuniko mapajani. Na kama una miili miwili ya kamera, funga pana kwenye mmoja na ndefu kwenye mwingine tangu Marsabit, usizitenganishe hadi urudi.